Betri ya Pili: Umeme wa Gari la Kulala

Ukifungua boneti ya gari la kulala lililotengenezwa na fundi anayejua kazi yake, utakuta betri moja. Inua kiti cha nyuma, utakuta nyingine. Hazifanyi kazi moja, na mtu akishaielewa tofauti yao, umeme mwingine wote wa gari hilo hauna kificho. Ninaposema gari la kulala, au kempa, nina maana ya gari lolote lenye kitanda, friji na taa za kukaa nazo usiku: Land Cruiser yenye hema juu ya paa, HiAce iliyong'olewa viti, Coaster iliyogeuzwa nyumba, hadi yale makubwa ya Ulaya na Marekani yenye choo na bafu.

Betri ya kwanza ni ya injini, ile ile ya saizi ya N70 au inayokaribiana nayo ambayo kila duka la spea huuza. Ndani yake kuna sahani nyingi nyembamba za risasi zilizozama kwenye asidi. Wembamba na wingi huo una sababu: stata ya injini ya dizeli hunyonya ampea mia mbili, hata zaidi, kwa sekunde mbili tatu. Betri inatoa nguvu hiyo yote kwa mkupuo, injini inanguruma, altaneta, mashine inayozalisha umeme injini ikizunguka, inashika kazi na kurudisha kilichotumika. Betri ya namna hii haikuundwa ikamuliwe polepole usiku kucha. Ukiimaliza kabisa na kuiacha hivyo, salfeti ya risasi huganda juu ya sahani zake, na kila ikichajiwa inarudi na uwezo mdogo kuliko jana. Ifanyie hivyo mara kadhaa, utarudi dukani.

Mimi nilifundishwa hayo ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro, zaidi ya mita 2,200 juu ya bahari. Fundi aliyetufungia friji alikuwa ameivuta waya moja kwa moja kutoka betri ya injini. Tulilala na maziwa ya baridi. Asubuhi, ukungu umetanda hata hema la jirani halionekani, nikazungusha funguo, stata ikagonga tik, tik, basi. Dereva mmoja wa magari ya watalii alikuja na waya za kubusti kabla sijaomba. Alipoona ule waya wa friji alitikisa kichwa, akasema, "Kaka, friji na stata hawalali chumba kimoja." Sijasikia maelezo mafupi na sahihi kuliko hayo.

Betri ya pili, basi, ndiyo chumba cha friji. Wengine huiita betri ya nyumba, kwa kuwa inahudumia kila kitu cha kuishi: friji, taa, pampu ya maji, feni, simu, kompyuta. Sahani zake ni nene na hustahimili kutoa umeme kidogo kidogo kwa saa nyingi. Kwa Afrika Mashariki hii si ngeni, ni nduguye betri ya sola iliyo kwenye nyumba nyingi za vijijini. Ikiisha usiku, utakosa soda ya baridi, lakini gari litawaka.

Aina ni mbili kuu. Ya risasi, ambayo msingi wake ulibuniwa na Mfaransa Gaston Planté mwaka 1859, huuzwa kama betri ya maji au betri kavu. Bei yake ni nafuu, lakini ina sharti moja ambalo wauzaji wengi hawalisemi: ukitaka idumu, tumia nusu tu. Kwa hiyo betri iliyoandikwa ampea-saa 100, yaani kipimo cha umeme inaoweza kuhifadhi, kwako ni ya 50. Ya pili ni ya lithiamu, na inayofaa magari ni ile ya fosfeti ya chuma, ambayo kemia yake ilitokana na utafiti uliofanywa Chuo Kikuu cha Texas na kuchapishwa miaka ya 1990. Hiyo unaweza kutumia asilimia 80 hata 90 ya kilichoandikwa, ni nyepesi, na huishi miaka mingi zaidi. Bei yake inauma siku ya kununua. Pia haitakiwi kuchajiwa ikiwa chini ya nyuzi sifuri, jambo linalomhusu anayeishi Ujerumani au Kanada kuliko anayelala Serengeti.

Sasa hesabu, na hapa naomba tusikimbie, maana ndipo pesa nyingi hupotea. Kila mwenye simtanki nyumbani anajua kuwa ukubwa wa tanki peke yake hausaidii kitu. Unahitaji kujua familia inatumia ndoo ngapi kwa siku na maji yanakuja mara ngapi kwa wiki. Betri ni simtanki. Ampea ni kasi ya maji bombani, na ampea-saa ni ndoo zilizochotwa. Ili kupata ampea, chukua wati za kifaa ugawe kwa volti.

Friji ndogo ya kompresa yenye wati 45, kwenye mfumo wa volti 12, hunyonya karibu ampea 4 inapozunguka. Kwenye joto huzunguka takribani nusu ya siku, kwa hiyo saa 12 mara 4 ni ampea-saa 48. Taa nne za LED za wati 3, kwa saa nne za jioni, ni ampea-saa 4. Simu tatu nazo kama 4. Kompyuta mpakato, chaji moja, 5. Pampu ya maji inanyonya ampea 5, lakini ukijumlisha dakika zake zote za siku hazizidi ishirini na kitu, weka 2. Jumla 63. Tazama friji ilivyokula zaidi ya robo tatu peke yake. Watu huhangaika kuzima taa huku friji imewekwa juani, mlango wake unafunguliwa kila dakika na soda za moto zinaingizwa mchana. Ukitaka kuokoa umeme wa gari la kulala, anza na friji: iweke kivulini, iachie nafasi ya kupumua nyuma, ingiza vinywaji usiku.

Kwa matumizi hayo ya 63, betri moja ya risasi ya 100 haifiki hata siku nzima. Ya lithiamu ya 100 inafika na kubakiza. Lakini tanki lolote linahitaji kujazwa.

Chanzo cha kwanza ni altaneta. Altaneta ikiwa kazini hutoa volti 13.8 hadi 14.4, na njia ya zamani ya kuifikisha kwenye betri ya pili ni rilei: injini ikiwaka inaunganisha betri zote mbili, ikizimika inazitenganisha, kila moja kwake. Kwa Land Cruiser kongwe na betri ya risasi, rilei bado ni kitu cha kuaminika. Kwa magari mapya ya Ulaya haifai, kwa sababu altaneta zake hushusha volti makusudi ili kuokoa mafuta, na betri ya pili inabaki na njaa. Lithiamu nayo hunyonya kwa pupa kiasi cha kuichemsha altaneta. Dawa ya yote mawili ni chaja ya betri kwa betri, kisanduku kinachopokea volti yoyote inayotoka mbele na kuitoa nyuma kwa kipimo sahihi. Chaja ya ampea 30, ukiendesha saa tatu, imerudisha kama ampea-saa 90. Jambo la kuangalia kabla ya kununua chochote: malori, mabasi na Coaster nyingi za dizeli kutoka Japani ni za volti 24. Kifaa cha volti 12 ukikiunganisha huko kinaweza kuungua papo hapo.

Chanzo cha pili ni jua, na sisi wa karibu na ikweta tumependelewa. Ulaya, paneli iliyolala bapa juu ya paa haipati kitu cha maana wakati wa baridi, kwa kuwa jua hupita chini upeoni. Kwetu jua hupanda karibu na utosi mwaka mzima, na paneli iliyolala bapa iko mahali pake hasa. Paneli ya wati 200, kwa siku yenye saa tano za jua la kutosha, ukitoa robo kwa ajili ya joto, vumbi na upotevu njiani, inakupa wati-saa 750, yaani ampea-saa 62. Linganisha na ile 63 ya matumizi. Paneli moja ya kadiri hiyo, ikipitia kidhibiti chaji kizuri, inaweza kukuweka kambini siku baada ya siku bila kuwasha injini. Mawingu ya Nairobi ya mwezi wa saba yatakupunguzia. Kuegesha chini ya mgunga wenye kivuli kizuri kutakupunguzia zaidi, na hapo inabidi uchague nani apate kivuli, wewe au paneli.

Cha tatu ni umeme wa gridi kambini. Ulaya ni kawaida, unachomeka plagi ya buluu, na kambi nyingi hutoa ampea 6 au 10 tu. Ampea 6 kwa volti 230 ni wati 1,380, birika moja la umeme linaweza kuangusha breka. Umeme huu unaua, kwa hiyo gari lenye plagi hiyo lazima liwe na breka inayokata kwa mvujo wa miliampea 30.

Nirudi kwenye waya, kwa sababu hapa ndipo mafundi wetu hukosea kwa nia njema. Fundi wa nyumba amezoea volti 230, ambako waya wa 2.5, yaani wenye unene wa milimita za mraba 2.5, unabeba jiko. Kwenye volti 12, wati zile zile zinahitaji ampea karibu mara ishirini. Friji, pampu na taa ziko nyuma kwenye waya mmoja, mita tano kutoka betri. Kwenda na kurudi ni mita kumi za shaba. Pitisha ampea 10 kwenye waya wa 2.5 wa urefu huo, unapoteza volti 0.7 njiani. Betri inasoma 12.2, friji inaona 11.5, inadhani betri imekwisha, inajizima. Mteja anaambiwa betri ni mbovu, ananunua nyingine, na tatizo linabaki. Weka waya wa 6, upotevu unashuka hadi volti 0.3. Nimeona watu wakibadilisha betri mbili kabla ya mtu yeyote kuutazama waya.

Kwa hesabu hiyo hiyo, inveta, kifaa kinachogeuza volti 12 kuwa 230, ikiwa ya wati 1,000 inavuta ampea zaidi ya 80 kutoka betri. Waya wake uwe mnene na mfupi, na inveta ikae jirani na betri. Kwa simu na kompyuta, tafuta chaja za volti 12, uiache inveta imezimwa.

Kisha fyuzi. Fyuzi inalinda waya, na ndiyo maana ukubwa wake hufuata unene wa waya, na ndiyo maana hukaa karibu kabisa na betri na si mwisho wa safari ya waya. Barabara ya kutoka lango la Naabi kwenda Seronera, huko Serengeti, inavyotikisa, waya uliopita kwenye tundu la bati bila mpira utasuguka hadi shaba iguse bodi. Betri ya volti 12 haikurushi ukiishika, lakini ikigusana hivyo inaweza kumwaga mamia ya ampea kwa mara moja, na waya unakuwa mwekundu kama kaa la moto, umelala chini ya godoro lako. Kama kuna shilingi moja tu imebaki, ipeleke kwenye fyuzi na mipira ya matundu.

Kujua kilichobaki tankini, kwa betri ya risasi pima volti alfajiri, kabla jua halijagusa paneli na kila kitu kikiwa kimezimwa kwa muda. 12.7 imejaa, 12.2 ni nusu, 11.9 umeshakopa. Kwa lithiamu volti hukaa karibu pale pale hadi mwishoni, haikuambii kitu. Funga mita inayohesabu ampea-saa zinazoingia na kutoka, ibandike mahali utakapoiona ukiwa umelala.