Chumvi hairefushi maisha ya barafu

Katika magati ya Lamu, kuanzia mjini hadi Kizingitini, wavuvi na wachuuzi wengi wa samaki wanaamini kwamba barafu ikinyunyiziwa chumvi hudumu zaidi ndani ya kasha. Imani hiyo ina msingi wake, kwa kuwa anayetia mkono katika mchanganyiko huo husikia baridi kali kuliko ile ya barafu tupu.

Baridi hiyo ni ya kweli, lakini hutokana na kuyeyuka kwenyewe. Barafu safi huyeyuka kwenye nyuzi 0 za selsiasi. Chumvi hukishusha kiwango hicho, hata kufikia takriban nyuzi 21 chini ya sifuri inapokolea, na barafu inapoyeyuka hufyonza joto la vitu vilivyo karibu, wakiwemo samaki. Kwa hiyo chumvi huongeza kasi ya kupoza, na papo hapo huimaliza barafu mapema. Ndiyo sababu huko Kanada, ambako baadhi ya watu humwaga maji uani tabaka kwa tabaka wakati wa baridi ili yagande yawe uwanja wa kuteleza, chumvi hutiwa barabarani kuondoa barafu, na mwenye uwanja huiepusha nao kabisa.

Jambo hili hupimika hata barazani. Weka vipande sawa vya barafu katika vichujio viwili kivulini, kimoja ukinyunyizie kijiko cha chumvi, kisha utazame kipi kitakwisha kwanza. Mvuvi anayetaka barafu yake imalize safari ya siku mbili atafaidika zaidi kwa kifuniko kinachobana na magunia makavu juu ya kasha.