Je, Biblia inamkataza Mkristo kuwa na rafiki asiye Mkristo?

Wengi wanaosema hivyo hutegemea 2 Wakorintho 6:14, pale Paulo anapowaonya waumini wasifungwe nira na wasioamini. Lakini nira ni ya kuvuta jembe pamoja: ng'ombe mmoja akikata kona, mwenzake hana hiari. Paulo anazungumzia fungamano la namna hiyo, na muktadha wake unataja sanamu na hekalu. Kusalimiana, kutembeleana na kuuguzana havimo.

Kumbe Wakorintho wenyewe waliwahi kumwelewa vibaya. Aliwaandikia wasichangamane na wazinzi, kisha katika 1 Wakorintho 5 akalazimika kufafanua: hakuwa na maana ya watu wa nje, maana hapo ingewabidi watoke duniani! Alimlenga anayejiita ndugu huku akiishi vingine. Sura ya 10 inaingia hadi mezani: asiyeamini akikualika, nawe ukapenda kwenda, kula unachoandaliwa bila kuuliza-uliza. Ukiambiwa tu kwamba chakula kimetolewa sadaka kwa sanamu, ndipo uache.

Onyo la marafiki wabaya lipo, ndiyo. Ila linahusu mwenendo, na wenye mwenendo mbaya wamo hata kanisani.