Desibeli za Simu: Yanayodhaniwa na Yaliyo Kweli

Wakazi wengi wa Nairobi wanaopakua programu ya kupima kelele, mara nyingi kwa sababu ya klabu ya jirani, hudhani kwamba tarakimu zinazochezacheza kwenye skrini ni desibeli za pale walipo. Sivyo. Maikrofoni ya simu huipa programu namba tupu, kati ya -32,768 na 32,767 kwa sampuli ya biti 16 (yaani kipimo kimoja cha sauti cha papo hapo), nayo programu huzilinganisha na kikomo cha juu cha mfumo wenyewe, ambacho huhesabiwa kuwa desibeli sifuri; kila kilicho chini yake huwa hasi. Ndiyo maana mtengenezaji wa programu huona -40 au -25 kabla hajaongeza chochote. Ili apate desibeli za hewani, sharti aisikilizishe simu hiyo sauti ya kiwango kinachojulikana, mathalani desibeli 94 kwa mitetemo 1,000 kwa sekunde, kisha aijumlishe tofauti kati ya kiwango hicho na namba aliyoiona. Kwa kuwa tofauti hiyo hubadilika kutoka modeli hadi modeli, anayenakili tofauti ya mwenzake, tuseme 90, anabahatisha tu.

Wapo pia wanaoamini kwamba simu haiigusi sauti. Simu nyingi hukuza sauti hafifu na kubana kali ili mazungumzo yasikike vizuri, hivyo ndani ya matatu ya Rongai kipimo kinaweza kuganda pale pale ingawa makanga ameongeza muziki hadi viti vikatetemeka. Tangu Android 7.0, programu inaweza kuomba sauti isiyochakatwa, lakini si kila simu inayoitoa.

Kosa linaloniudhi zaidi ni la wastani. Sekunde moja ikiwa na desibeli 60 na inayofuata 90, wastani si 75 bali takriban 87, kwa sababu kinachojumlishwa ni nishati, wala si desibeli zenyewe. Vivyo hivyo, matatu mbili za desibeli 80 kila moja hutoa 83, si 160.

Kanuni za Kenya za mwaka 2009 kuhusu kelele hutumia desibeli zilizopitia kichujio A, kinachofuata usikivu wa sikio na kupunguza besi: sauti ya mitetemo 63 kwa sekunde hukatwa desibeli 26 hivi. Kwa hiyo aliyekosa usingizi kwa sababu ya spika zinazotikisa madirisha asishangae programu iliyotengenezwa sawasawa ikimwonyesha namba ndogo kuliko alivyotarajia.