Kiwanja chenye mkuza wa gesi: yanayosemwa na ukweli wake

Nilimsindikiza mdogo wangu Mkuranga kuangalia shamba la ekari moja, zile hatua 70 kwa 70, kwa bei iliyokuwa ya chini mno. Katikati ya mihogo ilisimama nguzo fupi yenye kibao cha onyo, rangi imeanza kubabuka. Dalali aliipita kama hajaiona. Nilipomuuliza akajibu, "Dada, hiyo alama tu ya watu wa serikali, haina neno."

Neno lipo, tena zito. Bomba kubwa la gesi asilia linatoka Madimba, Mtwara, hadi Kinyerezi, Dar es Salaam. Ni kama kilomita 477, kipenyo chake inchi 36, na lilianza kazi mwaka 2015. Kabla yake, tangu 2004, gesi ya Songo Songo imekuwa ikifika Ubungo kwa bomba jingine. Yote mawili yanapita Lindi na Pwani, kulekule tunakokimbilia kununua viwanja. Ukanda uliotengwa kwa ajili ya bomba ndio mkuza.

"Bomba liko chini, juu ni pangu."
Hili ndilo linaloumiza watu wengi zaidi. Ndani ya mkuza hujengi nyumba wala ukuta, huchimbi kisima wala shimo la choo, hupandi mwembe, huchomi majani. Hata kulima, uliza kwanza. Chuma cha bomba kimevishwa gamba la kukikinga na kutu, na mizizi mikubwa au ncha ya sururu inaweza kulijeruhi. Tena bomba halijazikwa mbali kama tunavyodhani. Kwa kawaida ni mita moja au mbili hivi, na mvua za miaka kadhaa zikibeba udongo, hata hizo zinapungua. Ndiyo maana wachimba mchanga na malori yao wananitia hofu kuliko kitu kingine chochote.

Halafu kuna swali ambalo wanunuzi hawaulizi: ule ukanda ulishatwaliwa na kulipiwa fidia, au mwenye shamba amebaki na umiliki huku bomba likiwa na haki ya kupita? Kama ulitwaliwa, anayekuuzia anauza kisicho chake. Kama ni haki ya kupita, haifi shamba likiuzwa. Inamfuata kila atakayelinunua.

"Mwenyekiti amegonga muhuri, basi kuko salama."
Muhuri wa serikali ya mtaa au kijiji unasaidia kuonyesha kwamba mauziano yalishuhudiwa. Hauondoi mkuza. Kama kuna hati, fanya upekuzi kwa Msajili wa Hati, kisha uombe ramani ya upimaji. Kama ni shamba lisilopimwa, nenda ofisi ya ardhi ya halmashauri, kisha uende TPDC, shirika la serikali la mafuta na gesi, ukawaulize mipaka ya mkuza. Mchukue mpimaji mfike wote shambani. Karatasi peke yake haikuonyeshi nguzo iliyong'olewa usiku.

"Wakija kupanua, nitalipwa."
Fidia ya bomba lililopo ni ya yule aliyekutwa pale wathamini walipopita kuhesabu minazi na vyumba. Wewe uliyekuja baadaye hukuhesabiwa. Ukijenga ndani ya mkuza ukiwa unajua, usitegemee kulipwa siku ya kubomolewa.

"Litalipuka, usiguse hata bure."
Hapa nawatetea wauzaji waaminifu. Ardhi iliyopakana na mkuza inanunulika, na watu wanaishi humo. Miongoni mwa visababishi vikubwa vya ajali za mabomba haya ni watu wenyewe kuchimba bila kuuliza. Nunua, ila lipia eneo unaloweza kulitumia, si ekari ya mdomoni.

"Likivuja nitasikia harufu."
Gesi asilia haina harufu. Ile harufu kali hutiwa makusudi, na katika mabomba makubwa ya kusafirishia mara nyingi haitiwi. Ukisikia mvumo kama wa tairi linalovuja, ukaona vumbi linaruka bila upepo, dimbwi linatoa mapovu au majani yamekauka mahali pamoja wakati jirani yake ni mabichi, usiwashe kiberiti wala pikipiki. Ondoka kwa miguu, uelekee upande upepo unakotoka, upige simu ukiwa mbali.

Na gesi ya jikoni? Kupitiwa na bomba hakukuunganishi. Ile presha lazima ishushwe kwanza kwenye kituo maalumu.

Tulirudi Mkuranga na mpimaji. Mkuza ulilikata shamba mshazari, ukaacha pembetatu mbili, moja haina njia ya kuingilia bila kuvuka bomba. Mdogo wangu alinunua ile nyingine tu. Mkataba uliandikwa kwa vipimo vya kipande hicho, na mchoro wenye mkuza ukabandikwa nyuma yake, muuzaji na mashahidi wakausaini nao.