Gundi ya sungura, marekani na masika: ninavyoandaa kanvasi ya rangi ya mafuta

Wiki iliyopita kijana mmoja kanitumia picha wasap, kachora ngalawa kwa rangi ya mafuta, kazi nzuri kwa kweli, ila kila rangi ina duara la njano pembeni kama gazeti lililofungiwa maandazi. Nikamuuliza chini ulipaka nini? Akasema sijapaka kitu mwalimu, nimenunua marekani Kariakoo nikaivuta kwenye fremu nikaanza. Basi ndo maana.

Rangi ya mafuta imesagwa na mafuta ya mbegu za kitani, na haya hayakauki kama rangi ya ukutani ambayo maji yanaondoka tu. Yanavuta oksijeni kutoka hewani na kugeuka gome gumu, na hiyo shughuli haiishi leo wala kesho, miaka na miaka inaendelea na tindikali inajitengeneza humo humo. Kitambaa kikinywa hayo mafuta kinakuwa kahawia, kinakakamaa, siku unakishika kona kinakatika kama jani kavu. Na rangi yenyewe iliyonyonywa mafuta inabaki vumbi vumbi haina uhai. Kwahiyo kazi yote ya kuandaa kanvasi ni kuweka ukuta katikati ya mafuta na kitambaa, na wazee wa Ulaya ukuta wao ulikuwa gundi ya ngozi.

Kitambaa bora ni kitani, nyuzi zake ndefu na ngumu. Venice walikuwa nacho tele kwa ajili ya matanga ya meli, na kuta zao zilikuwa na unyevu wa bahari unaoharibu michoro ya ukutani, ndo wachoraji wa kule wakahamia kwenye kitambaa mapema. Huku kwetu kitani bei yake inaumiza, mi natumia marekani nzito, ile ile ambayo karne ya 19 wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts walikuwa wanaishusha Zanzibar na jina likabaki. Ila ifue kwanza kwa maji ya moto, ina wanga wa kiwandani.

Fremu sitaielezea sana, fundi seremala yeyote anaweza, mwambie tu ukingo wa ndani auchonge uteremke, kitambaa kiguse ukingo wa nje peke yake, na kona asizigundishe ili baadae uingize kabari, vile vipande vya mbao vya kukazia kanvasi. Piga stepla katikati ya kila upande kwanza, upande na mwenzake, ndo usogee kwenda kona. Usivute ikalia kama ngoma, gundi ikikauka itaivuta yenyewe.

Sasa gundi. Ya ngozi ya sungura inakuja punje punje kama sukari guru iliyosagwa, naagiza nje. Naweka gramu 70 kwa lita moja ya maji baridi, inalala usiku mzima, asubuhi punje zimevimba. Halafu sufuria ndani ya sufuria, maji ya moto chini, unakoroga taratibu na kipimajoto mkononi, isivuke nyuzi 60 maana ikichemka nguvu yake inakufa. Mara ya kwanza kupika, mama mwenye nyumba alikuja kuuliza kama napika kongoro, na hakukosea sana kwasababu ni kitu kile kile, supu ya kongoro ikilala friji si inaganda? Hiyo inayogandisha ndo gundi yenyewe.

Na uigandishe kweli. Watu wengi wanapaka ikiwa ya moto, inazama inatokea nyuma, wakati unataka ikae juu izibe matundu. Mchana wa Dar haigandi hata ukiiombea, kwahiyo naiweka friji mpaka itikisike kama jeli laini, halafu naichota na kisu kipana naikwangua juu ya kitambaa, nyembamba sana, koti moja tu, yaani tabaka moja. Ikibaki itumie ndani ya siku mbili, baada ya hapo nyumba nzima itajua.

Ikishakauka kesho yake napaka rangi ya msingi. Zamani walitumia nyeupe ya risasi, ni sumu, mimi siigusi na vumbi lake la msasa sitaki hata kulifikiria. Natumia nyeupe ya titani iliyosagwa na mafuta, nailegeza na tapentaini kidogo, makoti mawili membamba, na baada ya hapo nasubiri mwezi. Nyeupe ya zinki achana nayo, ikizeeka inavunjika vunjika. Na ule mchanganyiko wa jasi na gundi ambao Cennino Cennini, mchoraji wa zamani wa Italia, aliufundisha ni mzuri mno ila kwa ubao, kwenye kitambaa haujui kujikunja. Jeso ya akriliki, rangi ya msingi ya kwenye kopo, ni kitu cha miaka ya 1950 na kinafanya kazi, siwakatazi, ila mambo yake ni mengine.

Ishu kubwa ya gundi hii kwa sisi wa pwani ni unyevu. Masika inakunywa hewa kanvasi inalegea inaning'inia, kiangazi inakaza, na rangi iliyo juu haiwezi kucheza hivyo milele. Ndo maana nasisitiza koti moja jembamba. Na kabari usiziguse mwezi wa nne hata kanvasi ikilegea vipi, mi nilizigonga nikafurahi imekaza, kufika mwezi wa saba ilijikaza zaidi na rangi ikapasuka kona zote nne, mistari inaenda kama miale ya jua. Mteja alikuwa ameshalipa nusu. Siku hizi masika kanvasi naziacha zilegee, nazigeuzia ukutani nisizione.

Yule kijana kaniuliza kama ngalawa yake inaokoka. Nikamwambia ipige picha asubuhi kwenye mwanga mzuri, uichore upya.