Bunju na hadithi ya nyongo

Pale soko la Deep Sea, Tanga, utasikia: bunju, yule samaki anayejivimbisha, ukimtoa nyongo na kumchemsha sana, analika. Si kweli. Sumu yake, tetrodotoksini, imejaa zaidi kwenye ini na mayai, mara nyingi hata ngozini, na moto wa jikoni hauivunji. Ndimu nayo haiivunji kabisa.

Tena sumu hiyo haitengenezi mwenyewe. Hutengenezwa na bakteria wa baharini, wakiwemo wa jamii ya Vibrio, ikamfikia kupitia konokono na viumbe wadogo anaowala; bunju wanaofugwa Japani kwa chakula kisicho na sumu huweza kukua bila sumu. Mwenyewe haimdhuru, kwa kuwa haishiki kwenye mishipa yake ya fahamu.

Aliyekula akihisi ganzi midomoni, hospitali mara moja: kiuasumu hakuna, ila mashine ya kupumulia huokoa.