Je, wajua kwa nini injini ya turbo hunoki baada ya kuongezewa nguvu?

Vijana wa Nakuru wenye Subaru za turbo wanaujua mchezo huu. Fundi anaichezea paipu nyembamba ya mpira kando ya turbo, na gari likitoka gereji linaruka. Siku si nyingi, kwenye mlima wa Salgaa kuelekea Mau Summit, linafuka moshi wa buluu na nguvu zinakata. Lawama zote huiendea turbo, na mara nyingi inaonewa.

Turbo huzungushwa na moshi wa ekzosi, nayo huisukumia injini hewa. Presha ikifika kiwango cha kiwanda, kilango hufunguka ili moshi upite pembeni. Kilango hicho huipata presha kupitia ile paipu. Ukiivujisha kidogo, kinadanganyika, kinakaa kimefungwa, na hewa inazidi kuingia.

Petroli je? Kilo moja ya petroli huungua sawasawa na kilo kama 14.7 za hewa, na turbo ikikazwa injini hutaka petroli zaidi ya hapo, kwa kuwa ile ya ziada huipoza. Sasa hesabu muda. Injini ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, zamu nzima ya silinda moja, kuvuta hewa hadi kutoa moshi, huisha kwa sekunde 0.02. Injekta, yaani kifaa kinachoinyunyizia injini petroli, ambayo tayari imeachama karibu muda wote huo haina pa kuongeza. Pampu ikiwa imechoka, ndiyo kabisa.

Petroli ikipungua joto hupanda, na mchanganyiko ambao moto wa plagi haujaufikia hujilipukia wenyewe. Huko ndiko kunoki, yaani kugonga: mlio wa kokoto kwenye mkebe. Aluminiamu huyeyuka kwenye nyuzi 660 hivi, ilhali gesi inayoungua hupita 2,000. Pistoni huponea utando mwembamba wa gesi tulivu juu ya uso wake, na mlipuko huo huufagilia mbali. Tena, nyingi za gari hizi zilipimwa kwa petroli ya Japani ya oktani ya juu, ile isiyojilipukia upesi.

Mwinuko nao una lake. Nakuru iko mita 1,850 hivi juu ya bahari, na presha ya hewa ni kama asilimia 80 ya ile ya Mombasa. Turbo hulazimika kuzunguka kasi zaidi, na hewa hutoka ya moto zaidi. Waendesha pikipiki za theluji milimani Marekani na Kanada wanalijua hili. Ski-Doo, chapa ya pikipiki hizo, ilipotoa turbo yake ya kiwandani mwaka 2019, ilikuwa ya kulinda nguvu farasi 165 hadi mita 2,400 hivi, basi. Anayeikaza zaidi bila kugusa petroli huiunguza upesi, maana injini yake ya mipigo miwili huwaka kila mzunguko.

Kazi ya haki huanza na pampu na injekta, kisha kompyuta ipangwe upya gari likiwa limefungwa kipimo cha mchanganyiko. Presha huja mwisho. Bei ya kazi hiyo mafundi wengi hawaisemi mteja anapouliza.

Kama injini imeshagonga, fungua plagi. Ukikuta vitone vya rangi ya fedha kwenye kauri yake nyeupe, hiyo ni pistoni. Usiwashe tena, ita breki-dauni.